Mke wa Kambini

Bi Ruqayya alimtuma mwanawe akanunue maziwa, na maziwa yalikuwamo tele kwenye friji. Salwa aliyaona kwa macho yake alipoifungua kutia bakuli la mbaazi alilotumwa na mamake. Hapo ndipo alipojua kuna jambo.

"Nenda duka lile la mbali," Bi Ruqayya alimwambia Taimur, huku akimvutia kofia ya sufu hadi masikioni kama mtoto wa chekechea, wala si injinia mwenye ndevu. "Hili la karibu maziwa yao maji matupu."

Mlangoni Taimur aligeuka akamtupia Salwa jicho. Lilikuwa jicho la mzaha, jicho la kumwambia vumilia, ni mama tu huyu, na Salwa alilipokea kwa tabasamu. Kisha mlango ukafungwa, na viatu vyake vikasikika vikishuka ngazi.

Bi Ruqayya alikuwa amefika Saint Louis Park, kwa mwanawe ughaibuni, mwezi uliopita, kutoka Rawalpindi, Pakistani, kwa ajili ya posa. Kesho yake, Jumapili, alikuwa aende Bloomington kwa Mzee Abdalla, babake Salwa, kumtaka Salwa kwa niaba ya mwanawe. Haikuwa kazi rahisi kumfikisha Mzee Abdalla hapo. Kwa muda mrefu alikuwa akisema neno moja tu: "Mpakistani, mtoto wa mwanajeshi, mie nitamjulia wapi?" Kilichomlainisha ni kusikia kwamba mamake kijana ni mtu wa Kibokoni, Mombasa, mtaa aliozaliwa yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo akawa hasemi tena "yule Mpakistani." Akawa anasema "yule mtoto wa Ruqayya."

Salwa naye alinaswa na Kibokoni hiyo hiyo. Alikuwa kwenye zamu yake mapokezi, kwenye hoteli ya karibu na uwanja wa ndege, siku kijana mrefu, mweupe wa haja, mwenye pua kama iliyochongwa, aliposimama mbele yake akiongea na simu. "Mama wee!" kijana alisema. "Baridi yanivunja mifupa! Yarabi toba, mbona nchi hii haina huruma?" Salwa alicheka hadi akashika kaunta. Ilikuwa sura ya sinema ya Kihindi na sauti ya bibi wa Mombasa anayepepeta mchele. Kumbe kijana alijifunza Kiswahili kwa mtu mmoja tu duniani, mamake, jikoni, katika nyumba za jeshi za Rawalpindi ambako hakuna mwingine aliyekijua. Alipomwona msichana anacheka naye akacheka, na wakatazamana zaidi kidogo ya inavyohitajika, halafu zaidi ya inavyofaa.

Baadaye, jioni nyingi ndani ya gari lake, mbele ya ziwa lililoganda, Taimur alimsimulia Pindi. Hivyo ndivyo wenyewe wanavyouita mji wao wa Rawalpindi. Alimwambia ni mji ambamo Waingereza waliweka wanajeshi zaidi ya miaka mia moja na nusu iliyopita, na jeshi halijaondoka hadi leo, limebadilisha sare tu. Alimwambia kuna soko linaitwa Lal Kurti, yaani koti jekundu, kwa sababu ya makoti ya askari wale wa kwanza. Alimsimulia bendi za jeshi, na tiara zilizojaa angani watoto wakipanda juu ya mapaa, na chai ya rangi ya waridi wanayokunywa majira ya baridi, imenyunyizwa lozi. Alimsimulia vichochoro vya mji wa kale, vyenye roshani za mbao zilizochongwa na Mabaniani na Masingasinga kabla nchi haijagawanywa wakahama na kuziacha. Na alimsimulia jumba jekundu ambalo, watu wa Pindi husema, Baniani mmoja tajiri alimjengea mchezaji ngoma Mwislamu aliyempenda, akamwekea msikiti wake na mwenyewe akajiwekea hekalu. Nchi ilipogawanywa bwana akavuka mpaka, bibi akabaki. Salwa alimlilia mwanamke yule kama jirani yake. Siku hiyo ndiyo Taimur alimshika mkono kwa mara ya kwanza.

Sasa alikuwa ameketi mbele ya mama wa kijana huyo, na birika la chai katikati yao.

"Tumekwisha amkiana, na mahamri ya mamako nimeyala," alisema Bi Ruqayya. Alikuwa mwanamke mweusi, mwembamba, mtandio wake umefungwa kwa namna ya Kipakistani lakini macho yake ni ya Mombasa kabisa. "Sasa sikiza, mwanangu. Usiolewe na Taimur."

Salwa alidhani hakusikia sawa. "Ati nini, mama?"

"Usiolewe naye. Ukitaka, kesho siji kwenu. Nitasema naumwa."

Uso ulimwaka Salwa. "Nimekosa nini? Ni hii kazi yangu ya hoteli? Au kuna mtu amekwambia neno?"

"Huna ila hata moja. Ungekuwa na ila ningekuacha uolewe naye."

Bi Ruqayya alimmiminia chai, mkono wake umetulia.

"Mwanangu amekwambia mtakaa wapi?"

"Hapa hapa. Tumeshaangalia apatimenti ya vyumba viwili, karibu na kazini kwake. Mimi naanza shule ya unesi mwezi wa tisa, nili-apply mwaka jana wakanikubali."

"Na Pindi?"

"Tutakwenda kumwona babake. Wiki chache, akipata nafuu."

"Kanali hapati nafuu," Bi Ruqayya alisema taratibu. "Kiharusi kimemlaza upande mzima. Anageuzwa, analishwa, anaoshwa. Na Taimur ameshakubali kazi huko, kwenye kampuni ya kujenga madaraja. Anaanza mwezi wa nne. Aliniambia mie, nikadhani na wewe wajua. Juzi niliposikia mwazungumza habari ya apatimenti ndipo nikatambua kwamba hujui."

Mwezi wa nne. Salwa alihesabu bila kutaka kuhesabu. Harusi walikuwa wameipanga mwezi wa tatu.

"Labda amebadilisha nia," alisema, na mwenyewe akasikia jinsi sauti yake ilivyokuwa ndogo.

"Mwanangu hana ubaya. Ni mwoga. Amekupenda akaogopa utasema la." Bi Ruqayya akasogeza kikombe. "Amekusimulia Pindi?"

"Amenisimulia sana."

"Tiara? Chai ya waridi?"

"Na jumba jekundu."

Bi Ruqayya alitabasamu, na Salwa akamwona Taimur katika tabasamu lile, akaumia. "Yote kweli. Aliyaona akiwa mtoto wa kiume. Sasa nami nikupe yangu. Nilikuwa msichana mdogo kuliko wewe Kanali alipokuja Mombasa likizo, wakati huo ni kapteni, kwa ami yake aliyekuwa na duka la vitambaa. Akaniona nanunua leso. Baba alikataa, nikalia, nikagoma kula, akakubali. Asubuhi yangu ya kwanza Pindi nilisikia tarumbeta alfajiri. Nikajua kuna mtu amekufa. Nikatoka mbio nalia, mama mkwe akanicheka hadi akakaa chini. Kumbe ni askari wanaamshwa. Nimeisikia tarumbeta ile kila alfajiri ya maisha yangu yote, na kila alfajiri nashtuka."

"Walikutesa?"

"Hapana. Hakuna aliyeniinulia mkono. Kanali alinipenda, Mungu ni shahidi, na mie nilimpenda, ndiyo sababu nilikaa. Lakini mke wa kambini ana cheo cha mumewe, mwanangu, hana chake. Kwenye chai ya wake wa maofisa mwakaa kwa cheo. Mke wa brigedia akicheka, nyote mwacheka. Na mie hawakuniita Ruqayya. Waliniita yule wa Afrika. Kwa upole, na wananipakulia pilau. Nyumba si yako, ni ya jeshi. Umeshona mapazia ya madirisha haya, inakuja amri, mwahamia nyumba nyingine, madirisha marefu, mapazia mafupi. Nilipanda mlimau kila nyumba. Sijala limau la mti wangu hata mmoja."

Nje theluji ilikuwa imeanza kuanguka, ile nyepesi isiyo na upepo. Salwa aliitazama ili asilie.

"Mama yangu alikufa Kibokoni, Kanali yuko kituo cha milimani, njia imefungwa na barafu, na mama mkwe akasema mwanamke hasafiri peke yake. Njia ilipofunguka, Kibokoni watu wameshamaliza matanga. Nikamlilia jikoni. Taimur alikuwa mdogo, akaniuliza kwa Kiswahili, mama walia nini? Ndiye pekee katika mji mzima aliyeweza kuniuliza kwa lugha yangu." Akapumua. "Kanali naye alikuwa na maneno yake machache ya kunitania. Mpenzi, njoo, chumvi nyingi. Kiharusi kimeyafuta. Sasa anazungumza kile Kipunjabi cha kijijini kwao tu, hata Kiingereza hana. Ananitazama kama mgeni aliyekuja kumlisha."

Salwa aliushika mkono wake juu ya meza. Hakufikiri, aliushika tu.

Mlango ulifunguliwa. Taimur aliingia na baridi yake, theluji mabegani, galoni la maziwa mkononi, anacheka. "Nimekwenda hadi lile duka la mbali, mama, na wajua nini? Maziwa ni yale yale!" Kisha akamwona Salwa. Kicheko kikamkauka.

"Kazi yako Pindi inaanza mwezi wa nne?" Salwa aliuliza.

Taimur aliliweka galoni chini taratibu. Alimtazama mamake, si Salwa. "Mama. Kwa nini?"

"Usimuulize yeye," Salwa alisema. "Mimi ndiye nimekuuliza."

"Nilikuwa nikwambie."

"Lini?"

Taimur aliinamisha macho kwenye galoni.

"Lini, Taimur? Kesho mbele ya baba? Siku ya nikahi? Au kwenye ndege?"

"Nilidhani ukiiona utaipenda!" Maneno yalimtoka kwa kishindo. "Wewe mwenyewe waipenda, nikikusimulia macho yako yanang'aa. Nilisema twende kwanza, uone, uzoee. Ningekwambia hapa ungekataa."

"Basi ungeniacha nikatae! Ningekataa, ukanibembeleza, labda ningekubali. Hukunipa hata hiyo nafasi. Umenitazama nikichagua rangi ya jiko la nyumba ambayo wajua sitaingia."

Taimur alivua kofia akaiminya mikononi. Alikuwa amepauka. "Ni baba yangu, Salwa. Dada zangu wameolewa mbali. Niajiri mtu wa kumwosha baba, nami nipo hapa nakula raha? Sikukuonea. Na hutakuwa peke yako, mama atakuwapo. Atakufundisha kila kitu, mtazungumza Kiswahili mchana kutwa…"

"Mie sitakuwapo," alisema Bi Ruqayya.

Taimur aligeuka. "Utakuwa wapi?"

"Kibokoni. Dada yangu amenitengea chumba. Nikitoka hapa narudi kwetu, Taimur. Pindi sirudi."

Mashine ya joto ilinguruma ukutani. Salwa alimwona Taimur akitafuta maneno kwa Kiswahili, akiyakosa, akasema jambo kwa Kiurdu, haraka, sauti imepasuka. Mamake akamjibu kwa Kiswahili.

"Sijamwacha kwa ubaya. Nimemtunza tangu kiharusi kilipompata, wewe uko huku. Mgongo wangu umekufa. Kuna wauguzi, kuna ami zako, pensheni ya jeshi ipo. Nimechoka, mwanangu. Nataka nizeeke mahali ambapo mtu akinipita njiani anajua jina langu."

"Na watu watasema nini? Mke wa Kanali amemkimbia mume kitandani?"

"Watasema yule wa Afrika amekwenda zake. Wamengoja miaka mingi kulisema hilo."

Taimur alikaa kwenye kochi, uso ameufunika viganja. Mabega yalimtikisika. Salwa alitaka kumwendea. Kila kilichokuwa ndani yake kilitaka kumwendea, kumwekea mkono kichwani, kumwambia basi. Alishikilia meza.

Taimur alipoinua uso macho yalikuwa mekundu, lakini kulikuwa na kitu kipya ndani yake, kama mtu aliyeona mlango. "Mama," alisema. Alikwenda akapiga magoti mbele yake. "Mama, ukirudi wewe, mie sina haja ya kwenda. Nitaikataa ile kazi. Nitaajiri watu wawili, watatu, wakusaidie, wewe usimamie tu. Nitakaa hapa na Salwa, asome shule yake, na kila mwaka tuje. Baba ana mtu wake, Salwa ana nyumba yake. Wewe ndiye ulisema wamtaka awe na furaha. Rudi, mama. Mwaka mmoja. Miwili."

Bi Ruqayya alimtazama mwanawe aliyepiga magoti. Alimpangusa theluji iliyokuwa ikiyeyuka begani. Salwa aliona jambo ambalo hakulisahau tena: aliona uso wa mwanamke yule ukizeeka, pale pale, kama taa inavyopunguzwa.

"Kwa ajili yenu," Bi Ruqayya alisema taratibu, "labda naweza…"

Ilimtosha Salwa kunyamaza tu. Hakutakiwa aombe, hakutakiwa adanganye, wala hakuna ambaye angemlaumu. Angenyamaza, angepata apatimenti ya vyumba viwili na shule ya unesi, na Taimur akirudi jioni na pua nyekundu kwa baridi akilalamika kama bibi wa Kibokoni. Alimtaka Taimur hivyo alivyokuwa, mwoga, mwongo kidogo, amepiga magoti.

"La," alisema.

Wote wawili walimgeukia.

"Harudi, Taimur. Usimwombe tena."

"Salwa, nyamaza." Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya kuomba. "Wajua unalolisema?"

"Najua."

"Ni mimi na wewe hapa. Naipigania ndoa yetu!"

"Unaipigania kwa mgongo wake. Hakupata hata kumzika mamake. Sitaki nyumba iliyonunuliwa hivyo. Kila siku ningepika jikoni mwangu nikijua yeye yuko wapi, na ni nani aliyemrudisha."

"Basi njoo nami," alisema, akainuka. Alimkaribia hadi Salwa akaisikia harufu ya baridi kwenye koti lake. "Nakwambia ukweli sasa, wote. Ni kazi ngumu, ni kulala macho, ni watu watakaokutazama. Sitaficha tena. Njoo nami, Salwa."

Walitazamana. Salwa hakuwahi kumpenda kama dakika ile.

"Ungeniambia hivi jana," Salwa alisema, na machozi yakamshuka bila sauti, "ningelala nikifikiria. Leo siwezi. Kila utakaponiambia jambo nitakuwa nachungulia nyuma yake. Na wewe nenda, ni babako. Ukikaa hapa kwa ajili yangu hutanisamehe."

Taimur alichukua kofia yake sakafuni. Mlangoni alisimama, amewapa mgongo, mkono kwenye kitasa, na Salwa akangoja ageuke. Hakugeuka. Alitoka, na safari hii viatu vyake vilishuka ngazi polepole, kimoja kimoja, hadi chini.

Bi Ruqayya alikuwa analia sasa, mtandio mdomoni. "Nimekuharibia, mwanangu. Ningejinyamazia."

"Vaa koti, mama," Salwa alisema. "Na kama una sanduku dogo, lichukue."

Ali-drive hadi Bloomington wipa zikifuta theluji, na hawakuzungumza. Mara moja tu Bi Ruqayya aliuliza kama Mzee Abdalla ni yule Abdalla wa nyumba ya mlango wa kijani, aliyekuwa akicheza mpira pekupeku. Salwa alisema hajui, atamuuliza mwenyewe.

Nyumbani Mzee Abdalla alikuwa amekwisha kuipanga sebule. Alikuwa amekopa viti kwa majirani wote wa lile jengo, vya mbao na vya plastiki, amevipanga kuzunguka kuta, na kwa furaha alisimama katikati yake akihesabu kwa kidole.

"Salwa! Umekuja vizuri. Hebu nambie, kesho waja watu wangapi? Mamako asema kumi, mie nasema viti havitatosha."

"Kesho hawaji, baba."

Kidole cha Mzee Abdalla kilibaki hewani. Aliutazama uso wa bintiye, kisha akamwona mwanamke aliyesimama nyuma yake ukumbini, sanduku mkononi, theluji kwenye mtandio, hajui kama aingie au asiingie. Maswali yalimjaa mdomoni, Salwa aliyaona yote. Mzee aliyameza. Alikivuta kiti kilichokuwa karibu zaidi na mashine ya joto, akakipangusa kwa kiganja.

"Ruqayya binti Salim," alisema. "Karibu ndani. Karibu kwenu."

Hapo Salwa akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, akalia.